Mwalimu, hii 打 ina maana ngapi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nauza mikoba Kariakoo na mara kwa mara naenda Guangzhou kuchukua mzigo. Nimechoka kumtegemea mkalimani, kwa hiyo nimeanza kujifunza Kichina kwa programu ya simu. Herufi inayonitesa ni 打. Programu inasema maana yake ni "kupiga". Sawa, lakini naikuta kwenye kuita teksi, kwenye kupanga mipango, kwenye kibarua, kwenye kufunga mzigo, mpaka kwenye chupa ya soda. Safari iliyopita niliona dukani 打8折, nikachangamka nikidhani ni punguzo la asilimia 80. Kumbe wapi! Herufi hii ina maana ngapi hasa, na je, nizikariri zote?

JIBU: Marahaba, dada. Usizikariri. Kamusi kubwa za Kichina huipa 打 (dǎ) maana zaidi ya 20, na mtu anayezimeza zote kwa mfuatano bado hukwama kwenye neno jipya la kwanza atakalolikuta mtaani. Kumbukumbu yako haina kasoro. Kasoro iko kwenye swali: 打 peke yake ina jibu dogo sana. Uliza 打 imekaa na nani, hapo ndipo utajibiwa.

Wewe mwenyewe tayari unaishi na kitenzi cha namna hiyo. Tunapiga simu na hakuna anayeumia. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga miayo, tunapiga kura, tunapiga kambi, tunapiga hodi, na serikali ikipiga marufuku haijamgusa mtu kwa fimbo. Mgeni akikuuliza "piga" ni nini utamwonyesha kwa mkono: ni hivi, kofi au ngumi. Halafu akikutajia hiyo mifano utabaki unacheka. Wanaisimu huviita vitenzi vya aina hii vitenzi vyepesi, kwa sababu uzito wa maana umehamia kwa jina linalofuata na kitenzi chenyewe kimebaki kama mpini. Si sisi na Wachina tu. Waajemi wana zadan, nayo asili yake ni kupiga, na kwao pia simu hupigwa na mswaki hupigwa.

Anza basi na yale tunayopatana, maana hayo hayana gharama. Kupiga simu ni 打电话 (dǎ diànhuà). Kupiga chafya ni 打喷嚏 (dǎ pēntì). Kupiga miayo ni 打哈欠 (dǎ hāqian). Kupiga ngoma ni 打鼓 (dǎ gǔ). Radi ikipiga, Wachina husema 打雷 (dǎ léi). Kupiga sindano ni 打针 (dǎ zhēn), na hapa Wachina hawajali nani ameshika sindano: 我去打针 anaweza kuisema muuguzi anayekwenda kuchoma, au mgonjwa anayekwenda kuchomwa. Kupiga chapa kwenye kompyuta ni 打字 (dǎ zì), yaani kupiga herufi.

Usilewe na bahati hiyo. Ukimwambia mpiga picha wa Guangzhou 打照 atakutazama tu, kwa sababu picha kwao ni 拍照 (pāizhào), na 拍 ni kupiga kwa kiganja, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni. Kwa 拍 hiyohiyo wanapiga mnada: 拍卖 (pāimài). Mswaki wanausugua, 刷牙 (shuā yá). Kura wanaitupa, 投票 (tóupiào). Mluzi wanaupuliza, 吹口哨 (chuī kǒushào). Gitaa lina kitenzi chake, 弹 (tán), cha kudonoa nyuzi kwa vidole. Kwa hiyo "piga" ikusaidie kuelewa tabia ya 打, isikusaidie kutafsiri.

Tuitazame herufi yenyewe. Ina mapigo matano ya kalamu. Upande wa kushoto, 扌, ni mkono uliobanwa ili utoshe. Utaukuta kwenye 推 (sukuma), 拉 (vuta), 抱 (kumbatia), 扫 (fagia), na hata kwenye 拍 niliyoitaja. Upande wa kulia, 丁 (dīng), uliwekwa kwa ajili ya sauti, ingawa leo sauti hiyo haifanani tena na dǎ. Mkono ndio dokezo linalodumu. 打 ilianza kama kugonga kwa mkono au kwa kitu kilichoshikwa mkononi, kisha ikateleza hatua kwa hatua. Ukigonga kitu kinavunjika, kwa hiyo 打 ikawa pia kuvunja. Ukigonga chuma unafua kisu, kwa hiyo ikawa kutengeneza: 打铁 (dǎ tiě) ni kufua chuma, 打家具 (dǎ jiājù) ni seremala kutengeneza samani. Kutoka hapo ikawa karibu kila kazi ya mkono yenye jina lake. 打毛衣 (dǎ máoyī) ni kufuma sweta. 打井 (dǎ jǐng) ni kuchimba kisima, na 打水 (dǎ shuǐ) ni kuteka maji yake. 打鱼 (dǎ yú) ni kuvua samaki, na 打伞 (dǎ sǎn) ni kushika mwavuli.

Ona kilichotokea. Sisi kwa kazi hizo tuna fua, fuma, chimba, teka, vua, shika: kila kazi na kitenzi chake. Kichina kinasema tu "mkono ufanye jambo lake kwa kisima, kwa maji, kwa samaki", na msikilizaji anajua mkono hufanya nini kwa kisima. Hii ndiyo hila yote ya herufi hii. Kitenzi kinakuonyesha mkono, jina linakuonyesha kazi.

Na usidhani ni wewe wa kwanza kulalamika. Karibu miaka 1,000 iliyopita, Ouyang Xiu (1007–1072), mwandishi na mtumishi mkubwa wa dola katika enzi ya Song, aliandika akikereka kwamba katika makosa ya lugha ya siku zake, lililowaingia wote, waungwana na makabwela, ni 打. Akatoa mifano: mtu akiunda mashua au gari la kukokotwa anasema 打, akivua samaki 打, akiteka maji 打, vibarua wakipelekewa chakula 打, askari wakigawiwa nguo na posho 打, mtumishi akimshikia bwana wake mwavuli 打. Alipekua kamusi za wakati wake na hakuikuta hata sauti ambayo watu walikuwa wakiitamka. Lakini lugha haikumsikiliza. Mengi aliyoyakemea yapo hai leo. Mwanafunzi anayekwenda kuchukua chakula kantini ya chuo anasema 打饭 (dǎ fàn). Na 打量, ambayo kwa Ouyang Xiu ilikuwa kupima kiwanja, leo (dǎliang) ni kumpima mtu kwa macho, kuanzia kandambili hadi kofia. Muuzaji wa jumla akikuona unaingia dukani kwake, hicho ndicho anachokifanya kabla hajakutajia bei.

Katika karne iliyopita mwanaisimu Liu Bannong (1891–1934) alikusanya mifano ya 打 kwa maelfu, na katika kukata tamaa kwake akaipachika tusi, akaiita herufi mhuni. Nami namwelewa. Ila uhuni wake una utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaotaka uusome badala ya ile orodha ya maana 20 na zaidi.

Kuna 打 inayofuatwa na jina. Hiyo unaweza kuipasua katikati na kutia kitu. 打电话 inakuwa 打了一个电话, nimepiga simu moja. 打针 inakuwa 打过两次针, nimewahi kuchomwa sindano mara mbili. Ukiona inapasuka hivyo, jua kuna vipande viwili vyenye uhai wake, kitenzi na jina, na kazi yako ni kulitazama jina.

Kuna 打 inayofuatwa na kitenzi kingine, zikashikana kama maji na sukari. 打扫 (dǎsǎo) ni kufagia na kusafisha. 打扮 (dǎban) ni kujipamba. 打扰 (dǎrǎo) ni kusumbua, na 打扰一下 ni "samahani kukusumbua", maneno yatakayokufungulia milango mingi. 打听 (dǎting) ni kuulizia: 听 ni kusikia, na ukienda kupitisha sikio duka hadi duka kutafuta bei, huko ndiko 打听. Nayo ile "kupanga mipango" uliyoiona ni 打算 (dǎsuàn). 算 ni kuhesabu. Mchina alihesabu kwa abakasi, ubao wenye shanga unaosukumwa kwa vidole, na kuitumia ni 打算盘 (dǎ suànpán), ambayo mpaka leo ina maana ya pembeni ya kupiga mahesabu kwa ajili ya tumbo lako. 打算 yenyewe imetulia kuwa kukusudia: 我打算明天走, nakusudia kuondoka kesho. Hizi hazipasuki. 打了算 hakuna. Zichukue kama neno moja lililopikwa likaiva.

Kisha kuna 打 inayofuatwa na matokeo. 打开 (dǎkāi) ni kufungua, hata kama hakuna aliyegonga chochote: unaweza 打开 mlango, sanduku, hata faili kwenye simu. 打碎 (dǎsuì) ni kuvunja vipande vipande. 打断 (dǎduàn) ni kuvunja fimbo, au kumkata mtu kauli. Hizi unaweza kuzichomeka 不 katikati kuonyesha kwamba imeshindikana: 打不开, haifunguki, 打不通 (dǎ bu tōng), simu haiingii. Hiyo ya mwisho utaihitaji siku utakayomtafuta wakala wa mzigo na hapatikani. Humo pia mna kituko kinachowafurahisha walimu. 打胜 ni piga-shinda na 打败 ni piga-shindwa. Ukisema timu ya kwanza 打胜 timu ya pili, na ukisema timu ya kwanza 打败 timu ya pili, kote ni timu ya kwanza iliyoshinda. Katika sentensi ya kwanza 胜 inamsema mpigaji, katika ya pili 败 inamsema aliyepigwa.

Na 打 ikikaa nyuma? Hapo mara nyingi hurudi kuwa kipigo halisi. 敲打 (qiāodǎ) kugonga, 鞭打 (biāndǎ) kuchapa viboko, 殴打 (ōudǎ) kumpiga mtu, 攻打 (gōngdǎ) kushambulia kwa jeshi. Mbele ni mpini, nyuma ni nyundo.

Sasa tuje dukani, maana huko ndiko herufi hii inakula pesa. 打折 (dǎzhé) ni kupunguza bei, na namba inayochomekwa katikati haitaji kilichopunguzwa, inataja kilichobaki, kwa sehemu za kumi. Mkoba wa yuan 200 ukiandikwa 打8折, utalipa asilimia 80, yaani yuan 160. 打9折 ni yuan 180. 打85折, ambayo wengine huandika 8.5折, ni yuan 170. Nusu bei ni 打5折 au 打对折 (dǎ duìzhé), yuan 100. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo neema yako, na ile 打8折 iliyokuchangamsha ni punguzo la asilimia 20 tu. Angalia pia herufi 起 (qǐ) mwishoni, kama 5折起. Maana yake ni "kuanzia": kuna vitu vichache vya nusu bei, pengine vile vilivyokosa mnunuzi, na vingine vyote viko juu ya hapo.

Ukishanunua, kufunga mzigo ni 打包 (dǎbāo). Neno hilohilo hotelini ni "nifungie niondoke nacho", iwe chakula chote au kilichobaki mezani. Halafu unatafuta usafiri: 打车 (dǎchē), ama kwa Kichina cha mjini 打的 (dǎ dī). Hiyo 的 ni kipande cha 的士, na 的士 ni neno teksi lilivyotamkwa na Wakantoni, wenyeji wa huko unakochukulia mzigo. 打工 (dǎgōng) nayo ilienea kutoka kusini hukohuko, wakati mamilioni ya vijana wa vijijini walipomiminika kwenye viwanda vya Guangdong kutafuta kibarua. Siku hizi hata karani wa benki hujiita 打工人 kwa mzaha, mtu wa kazi za watu.

Herufi hii haijastaafu. 打卡 (dǎkǎ) ilikuwa kuingiza kadi kwenye mashine ya mahudhurio kazini. Sasa kijana akienda mgahawa maarufu kupiga picha ya kurusha mtandaoni, hiyo ni 打卡 pia: nimefika, nimesajiliwa. 打脸 (dǎ liǎn), kupiga uso, ni kuumbuliwa na ukweli baada ya kusema kwa kujiamini. Kampeni dhidi ya bidhaa feki ni 打假 (dǎjiǎ), na nadhani wewe na mikoba yako mnapaswa kulijua neno hilo mapema.

Ninayoipenda zaidi ni 打酱油 (dǎ jiàngyóu). Zamani sosi ya soya iliuzwa ya kupima, kama mafuta ya kupima huko kwetu: unatumwa na chupa dukani, muuzaji anachota kwa kata. Kazi ya mtoto kabisa, na ndiyo maana Wachina hadi leo husema "mtoto wake ameshafika wa 打酱油", yaani amekua wa kutumwa dukani. Mwaka 2008 mwandishi wa televisheni huko Guangzhou alimsimamisha mpita njia akamuuliza maoni kuhusu kashfa ya picha za msanii mmoja maarufu. Jamaa akajibu: inanihusu nini mimi, nimetoka tu kununua sosi. Mtandao mzima ukalidaka. Tangu hapo anayesema amekuja 打酱油 anasema hayumo, anapita tu.

Misemo ni mingi, nitakuachia michache yenye ladha. 打草惊蛇 (dǎ cǎo jīng shé), kupiga nyasi ukamshtua nyoka, ni kumgutusha mtu uliyekuwa unamvizia. 三天打鱼，两天晒网, siku tatu kuvua na siku mbili kuanika nyavu, wanaambiwa wanafunzi wangu wanaofungua programu ya simu Jumatatu na kuiacha mpaka wiki ijayo. 打肿脸充胖子, kujipiga makofi uso uvimbe ili uonekane umenenepa, ni kuishi maisha ya kujionyesha na mfukoni hamna kitu. 鸡飞蛋打 (jī fēi dàn dǎ): kuku kapaa, yai limevunjika. Humo 打 iko nyuma na ni kuvunjika, na Mswahili angesema tu kakosa mwana na maji ya moto.

Zimebaki mbili ambazo hazimo katika familia hii kabisa. Ukisikia 打 kwa toni ya pili, yaani sauti ikipanda, dá, ni dazeni. 一打 (yì dá) ni vipande 12, sawasawa na dazeni ya Kariakoo, kwa kuwa sisi na wao tumelichukua neno kwa Waingereza walewale. Nayo chupa yako ya 苏打水 (sūdá shuǐ) haina kipigo chochote. 苏打 ni neno soda lililoandikwa kwa herufi zilizokaribiana nalo kwa sauti, maana zake zikawekwa kando. Ukikuta jina la kigeni, acha kuchambua mkono na nyundo, lisome kwa sikio tu.

Kuhusu namna ya kusoma: kwenye daftari lako futa "打 = kupiga". Andika 打电话, 打包, 打车, 打折, 打算, kila moja ndani ya sentensi ambayo wewe mwenyewe utaisema dukani. Ukikutana na 打 mpya, tafuta kwanza herufi ya pili, jaribu kuipasua kwa 了, na kamusi uifungue baada ya hapo. Njia hii ni ya 打 na wenzake wachache. Herufi nyingi ni pole kuliko hii: 电 (diàn), umeme, hukaa umeme popote uikutapo, ukijua 脑 ni ubongo, 影 ni kivuli na 梯 ni ngazi basi 电脑 ni kompyuta, 电影 ni filamu na 电梯 ni lifti bila ugomvi. Zilizo na ukorofi wa 打 ni kama 开 (kāi), ambayo hufungua mlango, huendesha gari, huitisha mkutano na husema maji yamechemka. Hiyo ndiyo ningekupa baada ya hii, lakini zisikutane wiki moja.